MWAKA MPYA, MWILI ULEULE: Historia fupi ya Januari kwa mama aliyechoka

Uzi wa leo ni mrefu, una sehemu saba. Kama unanyonyesha, weka mto chini ya mkono, mtoto akishika titi vizuri ndiyo uendelee kusoma. Hakuna haraka.

Kila wiki ya kwanza ya Januari meseji zinazoingia kwangu zinafanana. "Nesi, nimejifungua mwezi wa kumi na moja, mwaka huu naanza na tumbo, ninywe nini?" "Nesi, wenzangu wote wameshaandika malengo, mimi hata nywele sijachana." Wale mlio Ulaya na Canada mnaongeza ya kwenu: "Dada, huku saa kumi jioni ni giza. Nalala nimechoka, naamka nimechoka, na watu wanasema mwaka mpya mambo mapya."

Badala ya kujibu mmoja mmoja, leo nataka tuulizane kwanza: hii tarehe 1 Januari inayotukimbiza hivi ilitoka wapi? Nani aliiweka, na kwa sababu gani? Mimi ni nesi, siyo mwalimu wa historia, lakini hii historia imenisaidia kuongea na wazazi wodini kuliko vipeperushi vingi. Twende taratibu.

SEHEMU YA 1: JANUARI ILIWEKWA NA WATAWALA

Anza na majina ya miezi. Septemba kwa Kilatini inatokana na saba, Oktoba nane, Novemba tisa, Desemba kumi. Sasa hesabu kwa vidole: Septemba ni mwezi wa tisa, siyo wa saba. Kuna nini hapo?

Warumi wa kale walisimuliana kwamba kalenda yao ya kwanza ilikuwa na miezi kumi tu. Ilianza Machi, baridi ikiisha na shamba likianza kufunguka, ikaishia Desemba. Siku za katikati, zile za baridi kali, hazikuwa na mwezi. Hazikuhesabiwa! Mkulima hana kazi shambani, jeshi haliendi vitani, basi ile baridi ikaachwa ipite yenyewe. Kwa masimulizi yao, mfalme Numa ndiye aliyekuja kuongeza Januari na Februari baadaye.

Na hata Januari ilipokuwepo, haikuwa na uzito wa mwanzo kama leo. Viongozi wakuu wa Roma, waliokuwa wakichaguliwa kila mwaka, walikuwa wakiingia madarakani 15 Machi. Mwaka 153 kabla ya Kristo kulikuwa na vita Hispania, wakataka kiongozi mpya aapishwe mapema awahi kwenda na jeshi. Tarehe ikasogezwa mpaka 1 Januari, na ikabaki hapohapo. Julius Caesar alipotengeneza kalenda mpya iliyoanza kutumika mwaka 45 kabla ya Kristo, akaanzia 1 Januari vilevile.

Umeona? Tarehe hii ilipata ukubwa wake kwa mambo ya ofisi na vita. Hakuna mtu aliyekaa akasema, "Hii ndiyo siku mwili wa binadamu unaanza upya." Kwenye kikao kile hakuwepo mkunga hata mmoja.

SEHEMU YA 2: WENGINE WALIANZA MWAKA SIKU NYINGINE KABISA

Waingereza, ambao ofisi zao ndizo zilizotuzoesha huku kwetu mambo mengi ya Januari, wenyewe kwa karne nyingi walianza mwaka 25 Machi. Ni siku ambayo Wakristo wanakumbuka Maria kupewa habari kwamba atapata mimba. Hesabu miezi tisa kutoka hapo, unafika Krismasi. Yaani mwaka wa Uingereza ulianza na habari ya ujauzito! Waskoti walihamia 1 Januari mwaka 1600, Waingereza wakasubiri mpaka 1752. Katikati hapo, mtoto akizaliwa Februari, Edinburgh ataandikwa mwaka mmoja na London ataandikwa mwaka mwingine, na mtoto ni yuleyule. Mpaka leo mwaka wa kodi Uingereza unaanza 6 Aprili, na hayo ni mabaki ya mwaka wao wa zamani.

Wairani wanaanza mwaka Machi, usiku na mchana vinapolingana. Waethiopia wanaanza Septemba, mvua kubwa zikiisha na maua ya njano yakitoka.

Na sisi wa pwani tusijisahau. Makunduchi, kusini mwa Unguja, kuna Mwaka Kogwa. Huo ni mwaka wa Nairuzi, wenye siku 365, ambao mabaharia na wakulima wa pwani waliutumia kujua pepo na misimu. Siku hizi unaangukia Julai, ndani ya kipupwe. Wanaume wanacharazana kwa migomba ili kinyongo cha mwaka kiishe, kibanda cha makuti kinachomwa, kina mama wanajipamba na kuimba, watu wanakula pamoja. Na jina lenyewe ni kuoga: mwaka unaogwa. Uchafu wa mwaka uliopita unautoa, unakula na jirani, basi, umeingia mwaka.

Angalia hapo kinachotakiwa kwa mtu. Hakuna anayekuuliza umepungua kilo ngapi.

SEHEMU YA 3: NCHI ZA BARIDI ZILIKUWA NA SIKU ZA KUPUMZISHA WANAWAKE

Hapa ndipo nataka hasa mama zangu mlioko kwenye theluji msome vizuri. Mnaambiwa Januari ni mwezi wa kuamka saa kumi na moja alfajiri, kukimbia barabarani na kubadilisha maisha. Wenyeji wa nchi hizo wa zamani wangewashangaa.

Kwa vijiji vya Uingereza ya zamani, Krismasi ilikuwa siku kumi na mbili, kutoka 25 Desemba mpaka 6 Januari karibu. Kazi kubwa zilisimama. Wanawake walikuwa na kazi isiyoisha ya kusokota nyuzi za sufu na kitani, kila wakikaa mikono inasokota, lakini siku hizo nayo iliwekwa pembeni. Walirudi kwenye kusokota 7 Januari, na siku hiyo ikapewa jina la ule mti wa kusokotea. Wanaume walirudi kwenye plau Jumatatu ya kwanza baada ya 6 Januari, nayo ikaitwa Jumatatu ya Plau. Hata kurudi kazini kwenyewe kulianza na mizaha na michezo, siyo kwa kishindo.

Sehemu nyingine za Ulaya, kwa wanaoongea Kijerumani, palikuwa na miiko kabisa: siku zile kumi na mbili usisokote, usianike nguo. Ukikaidi, bibi mmoja wa kwenye hadithi atakuja kukukomesha. Unaweza kucheka, lakini fikiria mwiko huo ulimfanyia nini mwanamke wa wakati ule. Mume, mama mkwe, wifi, hakuna aliyeweza kumwambia "mbona umekaa?" Anajibu tu, "Ni mwiko." Alikuwa na ulinzi.

Na Ireland wana 6 Januari, wanayoiita Krismasi ya Wanawake, hasa maeneo ya Cork na Kerry. Siku hiyo wanaume ndio wanapika, wanaosha vyombo, wanashika watoto. Wanawake wanatoka kutembeleana, wanakunywa chai na keki, wanapiga soga. Walijua kabisa kwamba sikukuu zote zile, aliyesimama jikoni ni nani. Kwa hiyo kabla mwaka wa kazi haujaanza, yeye apewe siku yake kwanza.

Hebu muoneshe baba Fulani hiyo aya. Tarehe 6 ikishapita, hata tarehe 16 haijaharibika.

SEHEMU YA 4: AROBAINI

Sasa turudi kwa mzazi, maana ndiye niliyemwandikia uzi huu.

Kwetu mwanamke akijifungua anaitwa mzazi, na mzazi ana arobaini yake. Siku arobaini anakaa ndani, anapikiwa uji wa pilipili manga, Uchagani anapikiwa mtori, anaogeshewa mtoto, nguo anafuliwa. China wana kitu kinaitwa kukaa mwezi, na ni hichohicho: mzazi ale vya moto, asishike kazi. Uingereza ya zamani mzazi alikaa ndani kama mwezi mzima akihudumiwa na wanawake wenzake, kisha anatoka kwenda kanisani kushukuru. Watu hawa hawakukaa meza moja wakakubaliana. Kila mmoja aliona kwa macho yake kwamba aliyetoka kuzaa anahitaji wiki kadhaa za kutunzwa.

Na kuna jambo moja dogo ambalo wengi hatulifikirii. Kalenda hii ya Januari ina mzazi ndani yake. Sheria ya Wayahudi ilimpa mama aliyezaa mtoto wa kiume siku arobaini, na makanisa yanakumbuka arobaini ya Maria 2 Februari, siku arobaini kuanzia Krismasi. Maana yake, uwe Mkristo au usiwe, kwa hesabu ya kalenda hiyohiyo inayokupa presha, Januari yote kuna mama yuko ndani ya arobaini. Wewe umejifungua Desemba, nani amekwambia utoke mbio?

Arobaini ilikuja kuandikwa hata kwenye karatasi za serikali, kwa namna yake. Mwaka 1919, kwenye mkutano wa kwanza wa Shirika la Kazi Duniani uliofanyika Washington, ulipitishwa mkataba wa kumlinda mama mfanyakazi: wiki 12 za likizo, na wiki 6 baada ya kujifungua asiruhusiwe kabisa kufanya kazi. Wiki 6 ni siku 42. Arobaini na mbili! Na sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi, yaani wiki 12 kamili, na siku 100 akizaa mapacha au zaidi.

Bibi zetu hawakuwa na cheti cha uuguzi, ila hapo walipatia. Nitaweka angalizo moja tu la kinesi. Yale mambo ya kumkanda mzazi tumboni kwa maji yanayochemka, hapana. Tumeona wanaoungua. Maji ya uvuguvugu ya kuogea yanatosha, na mwenye kidonda cha upasuaji asikandwe tumbo kabisa.

SEHEMU YA 5: PRESHA YA KILO NI YA JUZIJUZI

Kama mapumziko ni ya zamani hivyo, hii presha ya kupima kiuno imetoka wapi? Ni mpya kuliko unavyofikiri.

Ile hesabu ya uzito gawanya kwa urefu mara urefu, ambayo mnaiona kliniki, asili yake ni Mbelgiji mmoja wa miaka ya 1830, Adolphe Quetelet. Hakuwa daktari. Alikuwa mtu wa nyota na hesabu, alikuwa anatafuta mtu wa wastani yukoje kwenye kundi kubwa la watu. Jina tunalolitumia leo kwa hesabu hiyo lilitolewa na Mmarekani Ancel Keys mwaka 1972. Ni kipimo kizuri cha kuangalia watu wengi kwa pamoja. Kwa mama wa wiki tano, mwenye matiti yaliyojaa maziwa na maji ya mwilini yaliyobaki kutoka kwenye mimba, kitamwambia nini cha maana?

Kuhesabu kalori mezani nako kulienea Marekani baada ya kitabu cha daktari Lulu Hunt Peters cha mwaka 1918. Baada ya hapo wafanyabiashara wakaona Januari ni mwezi mzuri: watu wamekula sikukuu, wana majuto, wauzie. Na leo majuto hayohayo unauziwa kwenye simu, chai ya kukata tumbo, mkanda, juisi ya kusafisha mwili.

Sasa niambie mwili wako unafanya nini wakati huo, kama hujui nikwambie mimi. Mji wa mimba uliobeba mtoto unachukua kama wiki sita kurudi kwenye ukubwa wake. Damu iliyopotea inatengenezwa upya, na ndiyo maana tunakusisitizia vidonge vya madini ya chuma, siyo tunakusumbua. Misuli ya tumbo iliyoachana katikati inarudi polepole, kwa miezi. Ukinyonyesha, mwili unahitaji takriban kalori 500 za ziada kila siku. Huyo ndiye mtu unayetaka kumnyima chakula kwa sababu tarehe imebadilika?

Zile chai, zingine zina dawa za kuharisha. Unapoteza maji, mzani unashuka, unafurahi, kesho unasikia kizunguzungu na maziwa unaona kama yamepungua. Halafu unaambiwa huna maziwa, mtoto anaanzishiwa maziwa ya kopo ambayo wala hamkuyapanga. Nimeshaona mlolongo huo unavyoenda na ninaomba usikuanzie wewe.

Kupungua kupo. Baada ya wiki sita, ukishaangaliwa kliniki na ukaambiwa uko sawa, nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri hata kwa anayenyonyesha. Mimba ilikaa miezi tisa, ipe nayo miezi yake.

SEHEMU YA 6: GIZA SIYO UVIVU

Hii ni ya walioko ughaibuni, lakini wa nyumbani msiruke, mna dada na mawifi huko.

Dar es Salaam, siku ndefu kuliko zote na fupi kuliko zote kwa mwaka, tofauti ya mwanga haifiki saa moja. Mwili wako umekulia hapo. London mwishoni mwa Desemba mwanga haufiki saa nane. Oslo ni kama saa sita. Tromsø, kaskazini mwa Norway, jua halichomozi kabisa kuanzia mwishoni mwa Novemba mpaka katikati ya Januari. Mwanga wa asubuhi ndio unaouambia ubongo "amka". Usipokuja, usingizi unavurugika, hamu ya wanga inapanda, furaha inashuka.

Aliyekuja kulipa jina tatizo hili alikuwa ametoka Afrika. Norman Rosenthal ni daktari wa akili aliyezaliwa Afrika Kusini, akahamia Marekani miaka ya 1970. Majira ya baridi ya kwanza kule New York alijikuta nguvu zimeisha, kazi haziendi, na jua liliporudi naye akarudi. Mwaka 1984 yeye na wenzake wakachapisha utafiti ulioeleza sonona inayokuja na msimu wa giza, na jinsi mwanga mkali unavyosaidia. Siku hizi kuna taa maalumu za lux 10,000, mtu anakaa mbele yake kama nusu saa asubuhi. Kama umewahi kuugua ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka sana, au una tatizo la macho, muulize daktari kwanza.

Jua lina kazi nyingine, vitamini D. Miji ya viwanda ya Ulaya ya karne ya 19, yenye moshi na vichochoro, ilijaa watoto wenye matege. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mwanasayansi mama, Harriette Chick, na wenzake walikwenda Vienna wakaonesha kwamba mafuta ya ini la samaki na mwanga wa jua vinaponya matege. Ngozi yetu nyeusi inahitaji jua zaidi kutengeneza vitamini hiyo. Kwa mlio Uingereza, ushauri wa afya huko ni mikrogramu 10 kwa siku msimu wa vuli na baridi, na mwenye ngozi nyeusi afikirie kuinywa mwaka mzima. Mtoto mchanga anayenyonya naye ana matone yake, mikrogramu 8.5 mpaka 10. Muulize mkunga wako, usione aibu.

Na kuna huzuni ambayo haina msimu. Daktari John Cox alifanya kazi Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1970, akawachunguza kina mama wajawazito na waliojifungua. Wakati huo wengi waliamini sonona ya uzazi ni ugonjwa wa Wazungu. Aliikuta Uganda. Akarudi Scotland akaikuta na huko. Mwaka 1987, yeye na wenzake wawili wakatoa dodoso la maswali 10 kuhusu siku saba zilizopita, linaloitwa kwa jina la mji wa Edinburgh, na sasa linatumika nchi nyingi. Shirika la Afya Duniani linasema kwenye nchi zinazoendelea karibu mama mmoja kati ya watano anapata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, kubwa likiwa ni sonona.

Mmoja kati ya watano. Kwenye foleni ya kliniki mko ishirini, hesabu.

Kulialia siku za mwanzo ni kawaida, kunapita ndani ya wiki mbili. Kukizidi wiki mbili, au ukaanza kuona mtoto angekuwa salama zaidi bila wewe, hiyo siyo kukosa shukrani, wala siyo kwamba malengo yako ya mwaka yamefeli. Ni ugonjwa, una tiba, na tunautibu.

SEHEMU YA 7: JANUARI YAKO IWE HIVI

Sikuandikii malengo. Nakuachia vitu vichache vya kushika.

Kulala. Mtoto akilala mara moja mchana, na wewe lala mara hiyo moja. Vyombo vitakusubiri, havijawahi kukimbia.

Mwanga. Ukiwa ughaibuni, toka nje kabla ya saa sita mchana, hata kama ni mawingu, hata dakika ishirini na kigari cha mtoto. Vaa nguo nyepesi nyingi badala ya moja nzito. Ndani ya nyumba mtoto asifungiwe mablanketi mengi akatoka jasho. Mguse kifuani au shingoni nyuma, mikono na miguu hudanganya.

Chakula cha moto. Mtori, uji wa ulezi, supu, ndizi na maharage, dagaa, mchicha. Wenye duka la Kiafrika karibu mnajua pa kupata unga. Kunywa kila unaponyonyesha.

Watu. Wazee wetu hawakuitunza arobaini kwa mama kujitunza peke yake, alitunzwa. Ukiwa mbali na nyumbani tafuta mmoja tu: jirani, mwenzio wa kanisani au msikitini, dada mliyekutana kliniki. Mwambie akuletee sufuria ya chakula Jumamosi. Usiseme "nitaona", taja siku.

Kwa mlio Njombe, Makete, Mbeya na kwingineko kwenye baridi, kipupwe chenu ni Juni na Julai, lihifadhini hili: jiko la mkaa lisilale ndani na mzazi na mtoto. Ile hewa yake haina harufu ya kukuamsha, na inaua. Ota moto mlango ukiwa wazi, kisha litoeni nje ndiyo mlale.

Na nyumbani tunajua Januari ni ada, sare na madaftari, wengine wanaiita Njaanuari kwa uchungu. Sitajifanya sijui. Ila huo ni mzigo wa nyumba nzima, usiuweke kichwani mwa mzazi wa wiki mbili. Baba, shangazi, mjomba, kaeni mpange bila kumwamsha.

Dalili ambazo hazisubiri Jumatatu, uende kituo cha afya hapohapo: damu inayolowanisha pedi nzima ndani ya saa moja, homa, uchafu wenye harufu mbaya, kichwa kuuma sana au kuona ukungu, degedege, kupumua kwa shida, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto. Usioge kwanza, usitafute nguo nzuri. Njoo ulivyo.

Na ile ziara ya wiki ya sita usiikose, hata kama mtoto anaonekana mzima. Ile ziara ni ya kwako pia. Ukifika, nesi akikuuliza "mama hujambo?", usijibu "sijambo" kwa mazoea. Mwambie ukweli. Kama ana watu wengi, mwambie, "Nesi, naomba dakika mbili."

Mwaka wako unaweza kuanza 25 Machi kama Waingereza wa zamani, Septemba kama Waethiopia, au Julai na watu wa Makunduchi. Unaweza kuuanza siku arobaini yako itakapoisha. Mtumie uzi huu mama mmoja unayejua amejifungua karibuni, na chini ya ujumbe muulize unampelekea chakula siku gani.

Maswali yaacheni hapo chini, nikitoka zamu ya usiku nitajibu.

Nesi wenu.